Nyasi Bandia za Uani kwa Mama

Mesa, Arizona
Jumatatu, 4 Machi 2019
Asubuhi: ubaridi mwepesi, mawingu membamba juu ya milima ya mashariki, hakuna upepo.

Kaka Orrin,

Salamu kwako na kwa mkeo Marjean kutoka nyumba hii ya watu wawili na mbwa mmoja. Naandika badala ya kupiga simu, kama tulivyokubaliana Januari. Kwenye simu wewe unakata na mimi nalia, na mlio wa simu unamtoa Mama kitini akidhani nyumba inaungua. Kwenye karatasi angalau kila mtu atamaliza sentensi yake.

Mama hajambo. Anakula mayai, anakataa uji. Uzito haujapungua tangu Krismasi. Anakuulizia kila siku: "Orrin yuko wapi? Ameshakamua?" Namwambia umekamua ng'ombe wote ishirini na wawili wa zamani, anatulia. Mbwa wetu Kringla ametimiza miaka kumi na mitatu. Nyonga zake zimekuwa ngumu. Akisimama kwenye sakafu ya vigae miguu ya nyuma inateleza kila mmoja na njia yake. Mimi sijambo.

Sasa habari ya uani. Nyasi za Baba zimekufa zote tangu tulipofunga maji ya bustani. Kilichobaki ni vumbi, changarawe na mbigili. Mama havai viatu, unamjua. Anavivua mlangoni na kutoka pekupeku, mkono mmoja mgongoni mwa Kringla, wanazunguka polepole mpaka ukutani na kurudi. Dakika ishirini kila asubuhi. Ni dakika zake bora za siku, na ndizo dakika ninazokunywa kahawa ikiwa bado ya moto. Baada ya hapo kazi yangu ni kuchomoa mbigili, kwanza kwenye nyayo za mmoja, halafu za mwingine.

Nimepima: futi ishirini na mbili kwa kumi na nane. Njia ni mbili. Ya kwanza ni zege. Ya pili ni nyasi bandia, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, ambazo mkojo unapita kwenye matundu na kuishia kwenye kokoto chini. Jirani yangu Delfina Ochoa anazo. Nimezikanyaga, ni laini, na Kringla alilala juu yake akakataa kurudi nyumbani.

Mimi nataka nyasi. Mama akianguka juu ya zege hatutamwinua tena. Lakini nyumba ina majina yetu mawili, na kamati ya mtaa, ambayo lazima iidhinishe kila badiliko la uani, haipokei fomu bila saini za wenye nyumba wote. Fomu iko ndani ya bahasha. Tafadhali isirudi baada ya Aprili, maana Mei joto linaanza.

Dada yako,
Arlis

*

Cloquet, Minnesota
21 Machi

Arlie,

Theluji bado imefika kwenye kingo za madirisha, na Marjean ameshajaza meza yangu miche ya nyanya. Tuko salama. Si mbaya.

Barua yako nimeisoma kama ripoti ya daktari wa mifugo. Nimeielewa. Lakini nyasi za plastiki, Arlie! Nimemwaga zege miaka arobaini na moja. Nusu ya watu wa mji huu wanaegesha magari juu ya kazi ya mikono yangu, halafu uani kwa mama yangu mzazi pawekwe zulia? Utakuwa unazipiga brashi kama nywele za mwanasesere. Mbwa akikojoa Julai utahama nyumba. Baba angefufuka azing'oe, halafu arudi kulala.

Zege unalimwaga mara moja. Unalifagia, unalimwagia maji, basi. Usiogope habari ya kuanguka. Nitalisugua kwa brashi lisiteleze, na nitaweka bomba la kushikia kutoka mlangoni mpaka ukutani.

Hakuna fundi wa huko atakayeligusa. Nitakuja mwenyewe. Nitaleta miko yangu ya uashi kwenye gari, nitakaa wiki mbili. Zege litachukua siku tatu, zilizobaki nitakaa na Mama na wewe uende popote unapotaka kwenda. Si ulikuwa ukipenda ile misonobari ya Flagstaff?

Fomu nimeisaini. Pale palipoandikwa aina ya sakafu nimekuachia ujaze, mwandiko wako unasomeka.

Orrin

*

Mesa
Jumatatu, 1 Aprili
Asubuhi: anga safi, maua ya michungwa yananukia mtaa mzima, vumbi kidogo.

Kaka Orrin,

Hatujambo. Mama amekatwa kucha za miguu bila ugomvi. Kringla amepewa dawa mpya ya nyonga, anaimeza ikiwa tu imefichwa ndani ya jibini. Mama bado anakuulizia. Jana alikuulizia mara mbili.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mstari wa wiki mbili nimeusoma zaidi ya hapo.

Basi iwe zege. Sijabadili mawazo kuhusu kuanguka, wala kuhusu mbwa. Delfina ana kipande cha zege kando ya mapipa ya taka, nilimpeleka Kringla makusudi nimwone. Alisimama ukingoni akanitazama kama nimemtukana. Lakini zege lina jambo moja ambalo nyasi hazina: linakuja na wewe.

Flagstaff nimeshaulizia. Kuna nyumba ndogo ya wageni yenye vyumba sita, mwenye nyumba anasema wageni wake hulala mpaka saa nne asubuhi na yeye hagongi mlango. Nilimwomba aniambie hilo tena.

Naomba tarehe. Fomu inataka aina ya sakafu na siku ya kuanza pamoja, kwa hiyo sehemu zote mbili bado ziko wazi. Na uniambie nitayarishe nini kabla hujafika.

Arlis

*

Cloquet
24 Aprili

Arlie,

Barafu imevunjika mtoni. Marjean anasumbuliwa na jino, mimi ni mzima. Samahani kwa kuchelewa, na samahani kwa kuandika kwa mashine, kalamu zote za nyumba hii zimekauka.

Nitafika Jumamosi tarehe 11 Mei. Kabla ya hapo chimbisha uani wote kina cha inchi nane. Inchi nne za kokoto, zishindiliwe kwa mashine mpaka mguu usiache alama. Inchi nne za zege juu, wavu wa nondo katikati. Mteremko robo inchi kwa kila futi, uelekee mbali na nyumba, si kuelekea nyumba. Mbao za pembeni zisimamishwe, zipigwe vigingi. Usiruhusu mtu amwage kabla sijaja. Wa huko wanaongeza maji ili kazi iwe nyepesi, na maji yakizidi zege linapasuka kabla ya mwaka.

Mwambie Mama ninakuja. Atanijua kwa hodi yangu hata akisahau sura.

Orrin

*

Mesa
Jumatatu, 13 Mei
Asubuhi: joto kabla jua halijapanda ukuta, hakuna wingu.

Orrin,

Mama hajambo. Kringla hajambo.

Jumamosi nilifua mashuka ya kitanda chako na kupika lile bakuli la viazi, nyama ya kusaga na maharage mabichi unalopenda. Nililiweka mezani saa sita. Saa kumi na mbili nilimpa Mama sahani moja, nyingine nikampelekea Delfina. Usiku ndipo ulipokuja ujumbe wa Marjean kwenye simu: "Orrin hawezi safari wiki hii. Ataandika." Hawezi kwa sababu gani, hakusema.

Nikueleze hali ilivyo, kwa sababu nadhani huioni. Uani sasa ni shimo. Nilichimbisha inchi nane kama ulivyosema, tangu tarehe 30 Aprili. Kuna kingo za mbao na vigingi kila upande. Mama hawezi kutia mguu humo, kwa hiyo mlango wa nyuma nimeufunga na ufunguo ninauvaa shingoni. Leo ni siku ya kumi na nne. Kila asubuhi anavua viatu, anamwita mbwa, wanaenda mlangoni wakiwa wawili, anagonga kioo. Hagongi kwa hasira. Anagonga kama mgeni mwenye adabu anayejua wenyeji wamo ndani. Anaweza kugonga saa nzima. Kringla anajisaidia bafuni juu ya magazeti, halafu ananikwepa kwa aibu.

Delfina alichungulia juu ya ukuta Ijumaa.

"Arlis, umemzika nani humo?"

"Bado. Nasubiri kaka yangu aje nimzike yeye."

"Mrefu huyo kaka yako? Maana naona umemchimbia na nafasi ya kugeuka."

Tulicheka mpaka nikalazimika kukaa chini. Halafu akaniuliza, "Wewe mara ya mwisho kutoka nje ya geti la mtaa ilikuwa lini?" Nilimwambia nina kitu jikoni.

Nipe tarehe nyingine. Na nunua kalamu.

Arlis

*

Cloquet
30 Mei

Arlie,

Nimeipata barua yako. Nyanya zimehamishiwa nje, mbu wametoka.

Nimefikiri vizuri. Zege halimwagwi kwenye joto la kwenu la sasa. Linakauka juu kabla ya chini, linapasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Mtu yeyote anayeijua kazi atakwambia usubiri Oktoba. Oktoba si mbali. Weka mbao juu ya shimo Mama apate pa kupita.

Goti langu nalo si zuri.

Orrin

*

Mesa
Jumatatu, 10 Juni
Asubuhi: nyuzi 88 za Farenhaiti saa kumi na moja alfajiri, upepo wa moto kutoka kusini.

Orrin,

Mama hajambo.

Niliichukua fomu yenye saini yako, na pale ulipoacha wazi nikajaza kwa huu mwandiko wangu unaosomeka: nyasi bandia. Kamati ilikutana Jumanne, ikapitisha. Mafundi walikuja Ijumaa alfajiri na kumaliza Jumamosi kabla ya saa nne. Shimo lako halikupotea bure. Walijaza kokoto, wakashindilia, wakamalizia na mchanga wa mawe yaliyosagwa. Fundi mkuu anaitwa Ramiro. Kabla ya kukata zulia alilikunjua kipande, akalipapasa kwa kiganja huku na huku kama mtu anayepima manyoya ya paka.

"Zina upande wa kulala, señora. Unataka zilale kuelekea wapi?"

"Kuna tofauti?"

"Kubwa. Zikilala kuelekea ukuta, ukisimama dirishani utaziona zimekupa mgongo. Tunazielekeza kwa mtu anayezitazama zaidi. Nani anazitazama zaidi?"

Nilimwonyesha Mama, alikuwa pale pale kwenye kioo, pekupeku.

"Basi zitamwangalia yeye," akasema, na akageuza zulia zima.

Jana saa kumi na mbili asubuhi nilifungua mlango. Mama alisimama kizingitini muda mrefu. Kringla ndiye aliyetangulia, akatembea bila kuteleza, akajilaza ubavu na kujisugua mgongo kama mbwa wa mwaka mmoja. Mama akashuka, akakunja vidole vya miguu, akavikunjua. Akasema, "Mmekata vizuri." Walizunguka mara kumi na moja. Nilihesabu. Nilikunywa vikombe viwili vya kahawa.

Kwa hiyo Oktoba baki na goti lako. Hatuna shimo tena, na miko yako haina kazi hapa.

Arlis

*

Cloquet
25 Juni

Arlie

Sawa. Nimesoma. Naandika kwa kalamu kama ulivyotaka uvumilie mwandiko.

Najua hunihitaji lakini nisikilize kwa mambo mawili. Weka kiganja juu ya hizo nyasi saa tisa mchana. Plastiki haipumui kama nyasi. Zinachoma kuliko zege. Maji yanazipoza robo saa tu.

La pili. Vile vioo viwili nilivyomwekea Mama mwaka juzi vya kuzuia joto. Dirisha kubwa linaangalia magharibi au sivyo. Joto linalozuiwa haliendi mbinguni linarushwa nje kwenye nyasi. Niliona kwa mteja hapa ukuta wa plastiki wa jirani uliyeyuka. Tazama chini ya dirisha kama kuna mstari. Ukiuona tundika wavu wa kivuli juu ya kioo kwa nje siku hiyo hiyo.

Mfungie Mama mlango mchana.

O.

*

Mesa
Jumatano, 3 Julai
Asubuhi: mawingu ya kwanza ya msimu wa mvua, hayakunyesha.

Kaka Orrin,

Barua yako ilifika juzi tarehe mosi. Ingefika siku tano kabla, nisingekuwa naandika haya.

Mstari ulikuwepo. Uko futi nne kutoka dirishani, upana wa kiganja, nyasi zimejikunja na kushikana kama nywele zilizopitiwa na pasi. Nilikuwa nimeuona tangu tarehe 20 nikadhani Kringla amelala hapo. Nilizipiga brashi.

Alhamisi tarehe 27, saa tisa mchana, nilikaa kwenye kiti cha jikoni kusubiri nguo ziishe kukauka. Nilisinzia, Orrin. Ufunguo ulikuwa mlangoni kwa sababu tangu nyasi ziwekwe niliacha kuuvaa. Kilichoniamsha ni Kringla, anabweka kizingitini, hataki kutoka na hataki kunyamaza. Mama alikuwa amesimama juu ya ule mstari. Miguu ilikuwa inamwungua na hakujua afanye nini nayo. Hakupiga kelele. Alikuwa ananyanyua mguu mmoja, anaushusha, ananyanyua mwingine, na ananitazama kwa subira nije nimwambie.

Nyayo zote mbili zilitoka malengelenge. Muuguzi anakuja kila siku ya pili kubadilisha bandeji, anasema zitapona kwa sababu nilimwingiza kwenye maji mapema. Ramiro ameshakata ule ukanda na kubandika mpya, na wavu uko juu ya kioo. Mama hawezi kutembea. Amerudi kugonga kioo, safari hii akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Ulikuwa sahihi kuhusu joto. Mimi nilikuwa sahihi kuhusu mbwa. Hakuna anayenipa kombe kwa hilo.

Kuna jambo nimekuandikia tangu Machi ambalo si kweli. Mama hakuulizii. Hajakutaja tangu mwaka jana. Habari ya kukamua niliitunga, niliikumbuka kutoka zamani nikaona itakuleta. Anayeuliziwa ni mimi. Anakaa mbele yangu, namlisha, na ananiuliza, "Msichana, Arlis atakuja lini?" Ninamwambia atakuja kesho. Ananiita wa kliniki. Mimi ni wa kliniki tangu Novemba.

Na tangu Novemba sijalala zaidi ya saa mbili mfululizo. Nalala kwenye kiti nje ya chumba chake, sikio likiwa wazi, kwa sababu anaamka na kujaribu milango. Dukani anakwenda Delfina. Swali lake lile la geti la mtaa: jibu ni Februari, tarehe 12, kwa daktari wa meno.

Sitaki zege. Sitaki bomba la kushikia. Acha miko. Njoo wewe.

Arlis

*

Cloquet
11 Julai

Arlie,

Hii naandikiwa na Marjean, mimi nasema yeye anaandika, na nimemkataza kurekebisha.

Zile za mashine pia alipiga yeye. Ni mkono wa kulia. Ulianza msimu wa kuvuna mwaka juzi, nikadhani ni uchovu wa kazi. Unatetemeka nikiwa nimetulia, na nikiulazimisha kufanya kitu kidogo unatetemeka zaidi. Daktari ameshaupa ugonjwa jina, na jina halikusaidia. Aprili nilichanganya ndoo moja ya zege hapa nyuma ya banda nijaribu. Nililisawazisha kwa mwiko nikatoka na kitu kama uso wa bahari. Nikalivunja kabla Marjean hajaona. Aliona.

Nilitaka nije nikiwa na kazi ya kufanya. Mtu akija na kazi anajua asimame wapi. Nikija mikono mitupu nitakaa mbele ya Mama nifanye nini? Halafu ulikuwa unaniandikia kwamba ananiulizia kila siku, nikawa naogopa aone huu mkono. Sasa naona nimeogopa bure. Nimecheka kidogo, usinikasirikie. Halafu sikucheka.

Uliniandikia hatujambo, hatujambo, nami nikaandika si mbaya. Ndivyo walivyo watu wetu.

Marjean amekata tiketi ya ndege. Natua Jumatatu tarehe 5 Agosti, naondoka tarehe 14, daktari wangu ananihitaji tarehe 15. Ni siku tisa, si wiki mbili. Siwezi kufunga vifungo vya shati, siwezi kubeba kikombe kilichojaa. Naweza kukaa kwenye kiti nje ya mlango. Sikio langu ni zima.

Orrin

*

Mesa
Jumanne, 6 Agosti
Asubuhi: mvua ya dakika kumi saa kumi na mbili, halafu jua kali, uani pametoa mvuke.

Orrin,

Ni ajabu kukuandikia ukiwa chumba cha pili, lakini nimezoea kukueleza mambo hivi, na kwa mdomo nitasahau nusu.

Jana hukunipa nafasi ya kusema chochote pale uwanja wa ndege, na mimi sikukupa. Tulizungumzia barabara tatu na jinsi zilivyobanwa na magari. Asubuhi nimekufunga vifungo vya shati, ukatazama dari na mimi nikatazama vifungo. Nilikuwa nimehesabu kwamba anakuja mtu mmoja wa kunisaidia. Usiku, nikikutazama ukishindana na kijiko, nilihesabu upya, nikaona nina watu wawili wa kulisha na mbwa. Naliandika kwa sababu nililifikiri. Usilibebe.

Halafu leo baada ya kifungua kinywa mlikaa pale kivulini, nyasi zikiwa bado na maji ya mvua. Mama alikutazama mkono muda mrefu. Nilikuwa jikoni, mlango wazi. Ukataka kuuficha chini ya meza. Akaudaka, akaubana kwenye paja lake kwa mikono miwili kama mtu anavyombana kuku asipige mbawa, akasema, "Tulia wewe. Tulia. Hakuna anayekufukuza." Ukatulia wewe wote, na mkono pia, karibu dakika nzima. Hakujua wewe ni nani. Hakuuliza. Nikaona nimesimama na taulo mkononi na sina la kufanya.

Sasa maagizo. Dawa zake ziko kwenye kisanduku chenye siku, cha saa nane mchana ni kidonge cheupe, kisage kwenye tofaa lililopondwa. Nyayo zimepona ila ngozi ni mpya, kwa hiyo akitaka kutoka baada ya saa tatu asubuhi jibu ni hapana, hata akigonga. Jioni jua likishuka nyuma ya ukuta, fungua mpira wa maji, lowesha kote, weka kiganja chako cha kushoto na uhesabu mpaka kumi. Ukifika kumi bila kuuondoa, wanaweza kutoka. Kringla atakwenda popote Mama anapokwenda. Ufunguo nimekuachia juu ya barua hii. Uvae shingoni.

Sitakwenda Flagstaff. Siku tisa zimeshakuwa nane, na siwezi kuendesha gari kwa saa mbili na nusu nikiwa hivi. Tarehe 14 utaondoka, na tarehe 15 nitarudi kwenye kile kiti, hilo sote wawili tunalijua, na hakuna barua itakayolibadilisha. Mwaka huu lazima tuzungumze juu ya msaada wa kudumu, na tutazungumza, kwa simu, na hutakata.

Leo nakwenda chumba cha nyuma tu. Kina mlango. Nitaufunga.

Arlis

Nyongeza, jioni hiyo hiyo. Nimeamka nikakuta giza linaingia na sikujua ni siku gani. Nawasikia jikoni. Mama anakuuliza wa kliniki amekwenda wapi, unamjibu kwamba amelala, anakuuliza amelala kwa ruhusa ya nani, unasema yako, anasema basi asiamshwe. Bado sijatoka. Naongeza haya nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, daftari langu la kumbukumbu za kila siku likiwa gotini, maana humo leo nina mstari mmoja tu wa kuandika: nililala mchana, mfululizo, kwa muda wa saa saba na dakika ishirini.